Sindano za selulaiti: iliyopimwa imeondoka, zisizopimwa zimebaki

Desemba 2022 kampuni ya Endo ilitangaza kwamba inaacha kuuza Qwo, sindano ya kwanza kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mahsusi kwa selulaiti ya makalio. Idhini ilitoka Julai 2020, dawa ikafika kliniki mwaka 2021, na haikumaliza hata miaka miwili sokoni. Hakuna serikali iliyoipiga marufuku. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyetaja sababu: damu ilikuwa ikivilia chini ya ngozi kwa kiasi kisichotabirika, na kulikuwa na hofu ya madoa kukaa muda mrefu.

Wapinzani wa sindano za urembo walilipokea tangazo hilo kama hukumu ya mwisho. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Sindano iliyofanyiwa majaribio makubwa na kuripoti madhara yake hadharani ndiyo iliyoondoka. Zile ambazo hazikuwahi kupimwa kwa kiwango hicho bado zinachomwa.

Kwanza tujue kinachopigwa sindano ni nini. Selulaiti ni vile vibonyeo vya ngozi kwenye mapaja na makalio (tusiichanganye na selulaitisi, maambukizi ya bakteria yanayohitaji antibiotiki). Fikiria godoro lenye vifungo: uzi unavuta kitambaa chini, sufi inafura pembeni. Chini ya ngozi ya mwanamke nyuzi za kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, zimesimama wima, na mafuta yanajitokeza katikati yake. Kwa mwanamume nyuzi hizo zimepishana kama wavu, kwa hiyo mafuta hayapati upenyo. Ndiyo maana wanawake wembamba wanayo pia, na kukonda peke yake mara nyingi hakuiondoi. Inakadiriwa kuwa asilimia 80 hadi 90 ya wanawake waliokwisha kubalehe wanayo. Mwaka 1978 Nürnberger na Müller, waliouchunguza muundo huo, waliita hali hiyo ugonjwa uliobuniwa, na sioni namna ya kuwapinga: kitu walicho nacho karibu wanawake wote ni umbile.

Hata hivyo, hoja ya watetezi wa Qwo ilikuwa na mantiki. Dawa hiyo ilikuwa kimeng'enya (protini inayovunjavunja vitu) cha bakteria kinachoyeyusha kolajeni, yaani kilikwenda moja kwa moja kwenye uzi wa godoro. Kimeng'enya hichohicho kilikuwa kimeidhinishwa tangu 2010 kunyoosha vidole vilivyopinda kwa sababu ya tishu iliyokakamaa kiganjani. Hii haikuwa dawa ya kubahatisha. Ilijaribiwa kwa zaidi ya wanawake 800 katika majaribio mawili, nusu wakichomwa sindano isiyo na dawa; wote walichomwa mara tatu, kila baada ya siku 21.

Matokeo yake ndiyo yanayonivutia zaidi, kwa sababu kila upande unaweza kuyashika na kushangilia. Kipimo kikuu kilitaka makalio yapande angalau ngazi mbili za ubora, daktari na mgonjwa wote wakikubali. Katika jaribio la kwanza waliofika hapo walikuwa 16 kati ya 210, dhidi ya 4 kati ya 213 wa sindano tupu. Kitakwimu tofauti ni ya kweli, lakini zaidi ya wanawake tisa katika kila kumi hawakufika. Shusha kipimo hadi ngazi moja na picha inabadilika: takriban asilimia 37 dhidi ya 18, na katika jaribio la pili asilimia 42 dhidi ya 11. Anayesema dawa ilifanya kazi hasemi uongo. Anayesema wengi hawakupata mabadiliko makubwa naye hasemi uongo. Gharama yake, upande wa pili, ilikuwa kuvilia damu, tena kwa zaidi ya wanawake wanane katika kila kumi. Kwa mwenye ngozi nyeusi hilo lina uzito wa pekee, maana ngozi yetu ikijeruhiwa hupenda kuacha doa ambalo huchukua miezi kufifia. Kubadilisha kibonyeo kwa doa si biashara ninayoielewa.

Sasa zigeukie zilizobaki. Mesotherapi, iliyoanzishwa na daktari Michel Pistor huko Ufaransa mwaka 1952, ni sindano nyingi ndogondogo za mchanganyiko ambao kila kliniki inaweza kuupika kivyake. Tatizo ni kwamba kisichokuwa na fomula moja hakiwezi kuwa na matokeo yanayolinganishika. Isitoshe, ripoti za madaktari zimeeleza mara kadhaa majipu sugu yanayotokana na mikobakteria, bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu, baada ya sindano hizo. Zipo pia sindano za kuyeyusha mafuta. Mwaka 2010 FDA ilizionya kliniki kadhaa kwa kudai mambo ambayo hayajathibitishwa, na mojawapo ya dawa hizo, asidi ya deoksikoliki, ilipokuja kuidhinishwa mwaka 2015 ilikuwa kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Hapa hata mantiki yenyewe inayumba: ukipunguza sufi bila kugusa uzi, kifungo kinabaki pale pale.

Ninalolipa nafasi zaidi ni kundi la vichochezi vya kolajeni, yaani sindano zinazoisukuma ngozi itengeneze kolajeni mpya, kama Sculptra na Radiesse iliyozimuliwa. Hivi viliidhinishwa kwa matumizi mengine, hasa usoni, na madaktari huvitumia makalioni kwa uamuzi wao wa kitaaluma, jambo ambalo si haramu. Vinanenepesha ngozi ili kibonyeo kisionekane sana. Ushahidi upo, ila ni wa tafiti ndogo, na athari yake ni ya wastani.

Sina subira na wanaowaambia wanawake wajipende na wanyamaze. Mtu anayenyoosha meno yake hatuombi maelezo. Lakini anayeuza sindano ana deni la kueleza: dawa inaitwaje, iliidhinishwa kwa sehemu gani ya mwili, na picha za kabla na baada zilipigwa chini ya mwanga uleule na mkao uleule? Mwanga wa kutoka mbele peke yake unaweza kuvificha vibonyeo.

Na wazo la kukata uzi halikufa na Qwo. Vifaa vya kuzikata nyuzi kwa ncha kali chini ya ngozi, kama Cellfina iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, hufanya kazi ileile. Damu huvilia huko pia, ila ncha hukata pale ilipopelekwa na husimama mkono unaposimama. Kimeng'enya, kikishaingia, hakuna wa kukirudisha kwenye bomba.