Mzee hasemi, ila analalaje?

Kila ikikaribia Siku ya Mashujaa, 25 Julai, hoja ileile hurudi: wapiganaji wetu wa zamani wamefungia mambo moyoni, wafunguke, waonane na washauri nasaha, maana ukimya unawamaliza. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini nadhani wazee hawa tumewasoma vibaya.

Baba yangu mdogo alirudi Uyole kutoka vita vya Uganda mwaka 1979. Hasimulii. Ukimwuliza habari za Kagera atakwambia kulikuwa na matope, kisha atakuuliza viazi vyako umevipiga dawa lini. Kuna siku lori lilipasuka tairi barabarani, juu kidogo ya shamba lake. Kufumba na kufumbua, mzee alikuwa kalala kifudifudi katikati ya matuta, jembe kalikumbatia kifuani. Akanyanyuka, akajipangusa udongo, akaendelea na palizi. Sisi tulitazamana. Yeye hakumtazama mtu.

Huyo ni mgonjwa? Kabla hujajibu, fikiria mwaka wenyewe. Vita vilikwisha 1979. Kile ambacho leo kinaitwa msongo wa baada ya kiwewe kiliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Yaani wazee wetu walirudi nyumbani mwaka mmoja kabla tatizo halijapata jina hilo hata huko kwa wenye vitabu. Aliyekwenda vitani na miaka 20 sasa anakaribia 70. Muda wote huo amejitibu kwa alichokuwa nacho: jembe, kwaya, wajukuu, na wenzake wawili watatu wa kombania moja ambao wakikutana msibani hukaa benchi moja hadi jioni, maneno machache mno. Leo tumwambie alikosea?

Hata utafiti hauwi mkali kwao kama tunavyodhani. Wengi wanaopitia mkasa hawabaki na ugonjwa huo. Iliwahi kuwa desturi kumkalisha aliyenusurika mara tu baada ya tukio asimulie yote kwa kikao kimoja. Kikao hicho kilipopimwa, hakikuonekana kuzuia kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halishauri kila mtu afanyiwe.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo ni kwamba kukwepa ni dalili. Anayeacha kwenda sokoni kwa kuogopa kelele, ukimya wake hauwezi kuitwa busara. Na tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, ikitolewa kwa wiki kadhaa na aliyeisomea, inasaidia kweli. Vijana wetu waliotoka kulinda amani Darfur na Kongo, wakiwamo walionusurika shambulio la Semuliki la 7 Desemba 2017, hawana sababu ya kusubiri hadi wazeeke. Hapo sibishi. Ninachokataa ni kumpima mtu kwa kusema au kutosema.

Mimi ningeanza na usingizi. Huko Iringa, mvua zikinyesha na mianzi ikitoa, mwenye kuweweseka hununua usingizi kwa lita. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, humlaza haraka, kisha usiku wa manane humwamsha, na ndoto zipo palepale. Kiangazi kikifika, mianzi haitoi, ndipo nyumba nzima inajua kumbe baba alikuwa anakunywa dawa. Mzee wa namna hiyo ukimtajia "akili" umempoteza. Kwetu "Mirembe" bado ni tusi kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini akija kupima presha, mganga akamwuliza tu, "Mzee, unalalaje?" atajibu. Asipojibu, mwulize mkewe.

Nilimwuliza mama mdogo.

"Analala," akasema, mikono ikiendelea kumenya viazi. "Ila upande wa mlangoni. Tangu arudi hajaniachia upande ule hata siku moja."