Gari Linalolala Juani Halihitaji Seramiki

Wenye magari wengi wakiingia duka la vifaa huuliza silanti ipi, yaani dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda, inang'arisha zaidi. Naona swali hilo linaanzia mwisho. Kwa gari la Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, yapo mawili ya kujua kwanza: gari linalala wapi, na linaoshwa kwa maji gani. Ukishajibu hayo, makopo mengi yaliyopangwa rafuni yanajiondoa yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba gari la kila siku lisilo na banda linatosheka na silanti ya kawaida ya polima, ipakwe upya kila baada ya miezi mitatu. Fedha inayobaki iende kwenye kusafisha rangi na kununua vitambaa vizuri.

Tuangalie kwanza kinacholindwa. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chini kabisa kuna tabaka la kuzuia kutu, linafuata praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote ile ambayo mafundi huiita klia, yenye mikroni 35 hadi 50 hivi. Mng'aro unaouona unatokana na klia kuwa laini na tambarare, ikirudisha mwanga bila kuutawanya. Dawa za kuzuia miale ya jua zimechanganywa humo humo ndani ya klia. Silanti inakaa juu yake kwa unene usiofika mikroni moja, kwa hiyo ukisoma kwenye kopo kwamba itazuia jua kuua rangi, chukua ahadi hiyo kwa tahadhari kubwa. Kazi yake halisi ni kuwa tabaka la kutolewa kafara: chumvi, vumbi, sabuni na kinyesi cha ndege vianze kula silanti, klia ibaki salama.

Hapo ndipo wengi wanapokosea na magari yaliyotumika Japani. Gari linafika likiwa na miaka saba au minane, klia imeshapunguzwa kidogo kidogo kila lilipopigwa polishi ya kuuzia, kisha mwenyewe anatafuta kopo la kurudisha upya wake. Hakuna silanti inayofanya hivyo. Pitisha ukucha kwenye kingo za madoa meupe juu ya paa na boneti. Kama kingo zinabanduka, klia imekwisha na dawa yake ni kwa fundi rangi. Kama ni mng'aro uliofifia tu, na juu bado ni laini, polishi nyembamba, isiyokwangua sana, itaurudisha na silanti itautunza.

Aina zenyewe ni nne kwa ufupi. Waksi ya karnauba, inayotokana na majani ya mtende wa Brazil, inatoa mng'aro wenye kina hasa kwenye rangi nyeusi na nyekundu. Karnauba tupu inayeyuka kwenye nyuzi joto 80 na ushee, lakini ya kwenye kopo imechanganywa na mafuta na viyeyushi vinavyoilainisha, na boneti nyeusi iliyoachwa juani inaweza kupita nyuzi 70. Kwa jua letu tarajia wiki chache. Silanti ya polima ni ya maabara, inashika vizuri zaidi na kustahimili joto. Makopo huandika miezi sita hata kumi na miwili, nami nahesabu nusu ya hapo au pungufu kwa gari linalolala nje. Sprei za silika ni rahisi kupaka, dakika kumi na tano gari zima, na zinafaa kama nyongeza juu ya silanti. Seramiki, dawa ya majimaji inayoganda juu ya rangi, ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayosifiwa kuliko zote.

Sina ugomvi na seramiki kama kitu. Ikipakwa sawasawa juu ya rangi mpya, ndani ya karakana iliyofungwa, kwa gari ambalo mwenyewe analiosha kwa mkono wake, inadumu miaka miwili au zaidi. Tatizo ni masharti yake. Rangi iwe imenyooshwa kabisa kabla, kwa sababu kila mchirizi unafungiwa chini. Pasiwe na vumbi wala upepo. Gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24, wala sabuni kwa wiki nzima. Ukichelewa kufuta sehemu moja, inaganda na kuacha baka la giza lisilotoka kwa kitambaa. Linatoka kwa polishi, na polishi inakula klia ile ile uliyotaka kuilinda. Silanti ya polima ukiikosea, unapaka tena juu yake, unafuta, mambo yameisha. Kwa mtu anayepaka nyumbani chini ya mwembe, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Halafu kuna maji. Visima vingi vya pwani vinatoa maji mazito, yenye chokaa na chumvi, na waosha magari wengi wanayategemea. Tone likikauka juani, maji yanaondoka na madini yanabaki kama duara jeupe. Sasa, matangazo yote yanaonyesha matone ya duara yaliyosimama juu ya boneti, na watu wameamini kwamba hiyo ndiyo alama ya kinga. Kwenye maji mazito, tone lililosimama ndilo linalokauka mahali pake na kuacha doa. Inayotufaa ni silanti inayofanya maji yateleze kwa pamoja kama pazia. Zipo, na muuzaji anayejua bidhaa zake atakuonyesha. Hata hivyo, lolote utakalopaka, gari likaushwe kwa taulo mara tu linapomaliza kusuuzwa, lisiachwe likaushwe na jua. Doa likishajitokeza, changanya siki nyeupe na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu, paka kivulini kwa muda usiozidi dakika moja, suuza, kisha rudishia silanti sehemu hiyo kwa sababu siki imeidhoofisha. Maji yaliyochujwa ni yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Hakikisha chupa si ya asidi ya betri. Hilo si jambo la kubahatisha.

Kunguru nao wanahitaji aya yao, kwa jinsi walivyojaa Dar na Mombasa. Kinyesi chao kina asidi, lakini joto ndilo linalokamilisha uharibifu: klia inalainika juani, inapopoa usiku inajikaza kufuata umbo la kile kilichokauka juu yake, na alama inabaki hata ukishasafisha. Silanti inakununulia saa chache tu. Weka ndani ya gari chupa ya kupulizia maji na kitambaa safi. Lowesha, funika kwa kitambaa kilicholoa dakika mbili tatu, kisha inua bila kusugua, maana ndani yake kuna punje za mchanga na mbegu.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Ninaposikia silanti fulani imetoka baada ya wiki tatu, shaka yangu ya kwanza ni kwamba ilipakwa juu ya uchafu. Osha gari kwa shampoo ya magari, ukianzia paa kushuka chini, kwa ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia glovu kabla hujairudisha kwenye povu. Ringi ziwe na kitambaa chao. Lami ya pembeni mwa milango inatolewa na dawa yake. Mafuta ya taa pia yanaitoa, lakini yanaacha utando ambao silanti haishiki juu yake, kwa hiyo osha tena kwa shampoo. Kama gari ni jeupe na lina vidoa vidogo vya rangi ya kutu, hizo ni punje za chuma kutoka breki, au kutoka kwa wachomeleaji ikiwa linaegeshwa karibu nao. Dawa ya kuondoa chuma inageuka zambarau inapokutana nazo. Iache dakika tatu hadi tano kivulini, isikauke, kisha suuza kwa maji mengi.

Baada ya hapo vaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Mfuko unaongeza hisia ya kugusa, na utashangaa rangi inayoonekana safi ilivyo na chenga. Hizo zinatolewa na udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, ambao mafundi huuita klei. Kipande cha gramu 50 kinatosha gari zima: kigawe viwili, kila upande ulowe maji ya shampoo, usugue kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Kikianguka chini, kitupe. Klei iliyookota mchanga ni msasa.

Polishi ije kwa hitaji tu, na iwe nyembamba. Kompaundi nzito, yaani polishi ya kukwangua sana, na mashine ya mzunguko mmoja mikononi mwa asiyezoea inatoboa klia kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, kwani hapo rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Ukimaliza, ondoa mafuta ya polishi. Spiriti ya asilimia 70 isiyo na rangi wala mafuta, sehemu moja kwa sehemu nne za maji yaliyochujwa, inakupa mchanganyiko wa asilimia 14, unaotosha. Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu gari tayari linang'aa. Linang'aa kwa mafuta, na silanti itashika mafuta badala ya klia.

Kupaka kwenyewe ni kazi nyepesi. Fanya kivulini, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, umande ukiwa umefutwa na bodi ikiwa ya baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Gari la ukubwa wa Premio linahitaji mililita 20 hadi 30 za silanti ya majimaji kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, si zaidi. Tia matone machache kwenye sponji laini, tandaza nusu ya boneti, iwe nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu hafifu. Ukiipaka nene haiongezi kinga. Inakupa kazi ya kufuta na inaacha mawimbi. Kwa silanti za kusubiri, kama Collinite 845, telezesha kidole: pakibaki safi na kung'aa, futa, pakichorwa mafuta, subiri tena. Unyevu wa pwani huchelewesha, hivyo amini kidole kuliko dakika zilizoandikwa. Nyingine, kama Fusso Coat ya kampuni ya Soft99 ya Japani, zinataka ufute mapema, kipande kwa kipande, na ukipaka gari zima kwanza utatoka jasho. Futa kwa vitambaa viwili vya maikrofaiba vya gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, kimoja cha kutoa, cha pili cha kumalizia. Funika plastiki nyeusi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, la sivyo zitabaki na weupe. Kisha gari lisiloe kwa saa 12. Mkono wa pili, siku inayofuata, ni wa kuziba ulipopaacha, si wa kuongeza unene.

Bodi iliyopigwa rangi upya isubiri. Rangi iliyokauka kwa hewa bila tanuri inaendelea kutoa viyeyushi kwa wiki kadhaa. Siku 30 ni kiwango cha chini, 60 ni bora, na kama bado unasikia harufu ya rangi karibu na bodi, acha.

Kisha kuna adui ambaye hakuna kopo linalomweza: sabuni ya unga. Ina ualkali mkali, imetengenezwa kukata mafuta kwenye nguo, na inakata silanti vilevile. Nendeni na shampoo yenu mnapooshea magari, pamoja na glovu na taulo zenu. Mwambieni kijana anayeosha, kwa heshima, kwamba ringi ziwe za mwisho na kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye bodi. Dasta ya manyoya ya kupangusia vumbi kila asubuhi iachwe kabisa, kwa maana vumbi letu lina mchanga na kila mpanguso unachora. Wanaopangusa bodi kwa dizeli ili ing'ae wanavuta vumbi zaidi na kuozesha mipira ya milango. Turubai la kufunikia gari nalo linataka gari safi chini yake. Upepo wa bahari ukilipigapiga juu ya vumbi, linasugua usiku kucha.

Kwa ratiba, napendekeza mwishoni mwa Februari kabla ya masika, Juni mvua zikikatika, kisha Septemba kabla ya vuli, na Desemba. Katikati ya hapo, pima baada ya kuosha, gari likiwa safi, kwa kumwaga maji kidogo juu ya paa, kwa kuwa ndilo linalopigwa na jua kuliko sehemu zote. Maji yakitambaa na kukwama kama kwenye kioo kichafu, silanti ya paa na boneti imekwisha, na hizo ndizo za kupaka upya. Milango mara nyingi bado ina mwezi mmoja au miwili mbele yake.