Mlango wangu si goli

Jumamosi. Alfajiri nimeshaswali, nimerudi kujinyoosha kidogo. Hata usingizi haujanichukua: bup! Mpira wa makaratasi umegonga mlango. Kisha, "Gooo!"

Hapa Mkomani, mtaa wa Lamu, vichochoro ni vyembamba, punda wawili waliopakiwa mawe wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kuta zimesimama huku na huku, sauti haina pa kwenda ila juu, moja kwa moja hadi dirishani kwangu. Watoto watano utadhani ni harusi. Na gari la kuwatoa njiani, Lamu utalipata wapi?

Leo nikatoka na kikoi changu, macho mekundu. Kimya. Kipa, kitoto cha miaka 6 hivi, kanzu ya chuoni kaikunja kiunoni, akanisogelea: "Shikamoo, babu."

Babu! Nina miaka 41.

Nikawaambia wakachezee kule mwisho, karibu na baraza.

"Kule kuna mgonjwa," akanijibu, kwa adabu kabisa.

Yaani mimi, kwa kuwa ni mzima, ndiye wa kupigiwa kelele. Nikaitikia marahaba, nikafunga mlango. Sijafika kitandani.

Bup!