Mnara wa Alfonso XII: mi nimependa zile ngazi

Nilikaa jioni mbili mfululizo pale bustani ya Retiro, Madrid, na karibu kila mtu alikuwa anapiga picha sanamu ya Alfonso XII, mfalme wa zamani wa Hispania, juu ya farasi kwenye mnara wake kando ya ziwa. Mi nasema uzuri wenyewe uko chini, kwenye ngazi zinazoshuka mpaka majini.

Mnara ni mkubwa jamani, mita 30 kwenda juu, nguzo zimejipanga nusu duara nyuma yake, masanamu kila upande, wachongaji zaidi ya 20 waliufanyia kazi na farasi kachongwa na Mariano Benlliure. José Grases Riera ndo alishinda shindano la kuuchora 1902, akafariki kabla haujaisha, ukaja kuzinduliwa 1922.

Sasa huyo Alfonso alifariki 1885 kwa kifua kikuu, hajatimiza hata miaka 28, mkewe María Cristina akiwa mjamzito, na yule mtoto alivyozaliwa mwaka uliofuata alizaliwa tayari ni mfalme, baba na mwana hawakuwahi kuonana. Wazo la mnara lilitoka kwa huyo mama mjane. Kwahiyo anayesema ni fahari iliyopitiliza kwa mtu aliyetawala miaka 11 tu namuelewa kabisa, ila mi nikiuangalia namuona zaidi yule mjane aliyesubiri miaka yote hiyo.

Halafu kuna hili, naona watu hawalisemi kabisa. Lile ziwa lilichimbwa karne ya 17 kwa starehe ya Felipe IV, wakawa wanaigiza humo vita vya meli mfalme aburudike. Bustani ikabaki ya wafalme mpaka mapinduzi ya 1868, ndo ikawa mali ya manispaa. Na aliyepinduliwa 1868 ni nani? Malkia Isabel II, mama yake Alfonso! Alfonso mwenyewe akaenda uhamishoni ana miaka 10. Yaani mnara wake umesimama kwenye bustani ambayo wananchi waliipata siku ukoo wake ulipofukuzwa, na leo kwenye ngazi zake wanakaa wanafunzi, wazee, wapenzi, hakuna anayeulizwa kiingilio wala ukoo.

Ukienda nenda jioni. Mnara unatazama magharibi, kwahiyo jua linazama mbele yako ng'ambo ya maji huku watu wanapiga makasia kwenye viboti. Kaa ngazi za chini kabisa, mfalme muache nyuma yako.