Hiroshima Ikijadiliwa Virginia, Hiroshima Ikijadiliwa Dar

Ndege iliyoangusha bomu la Hiroshima haiko mbali na ninapoishi. Iko Chantilly, Virginia, kwenye makumbusho ya anga karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Kiingilio bure, unalipia maegesho tu. Ndege hiyo, Enola Gay, imesuguliwa inang'aa kama sufuria za bibi harusi, na kibao chake kinakueleza habari za ndege yenyewe, na kwamba tarehe 6 Agosti 1945 ilidondosha silaha ya kwanza ya atomiki kutumika vitani. Idadi ya waliokufa hakuna.

Ndugu wakija kutoka Dar huwa nawapeleka. Karibu wote huuliza: walikufa watu wangapi? Wamarekani ninaofanya nao kazi huanzia upande wa pili: liliokoa watu wangapi?

Swali la ndugu zangu lina jibu: hadi mwaka 1945 unakwisha, watu wapatao 140,000 Hiroshima na kama 70,000 Nagasaki, mji wa pili uliopigwa bomu. La wenzangu wa kazini ni gumu, maana linahusu mapigano ambayo hayakutokea. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita, aliandika kwamba kuivamia Japani kungeweza kuwagharimu Wamarekani zaidi ya milioni moja, waliokufa na waliojeruhiwa. Makadirio ya wapangaji wa kijeshi ya Juni 1945 yalitaja vifo makumi ya maelfu. Lakini milioni ndiyo iliyokaa vichwani, na ukiigusa unaonekana huna shukrani kwa nchi iliyokupokea.

Sisemi ni wajinga. Mapigano ya kisiwa cha Okinawa, Japani, peke yake yaliua Wamarekani zaidi ya 12,000 kwa muda usiofika miezi mitatu, na raia wa kisiwa kile makumi ya maelfu. Mtu ambaye baba yake alikuwa anasubiri amri ya kutua Japani ana haki ya kushukuru kwamba amri haikuja. Hata sisi tumo. Wazee wetu wa Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, walikanyaga tope la Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wakiwasukuma Wajapani. Jamaa mmoja wa Tanga aliniambia kwenye sherehe ya Watanzania huku: "Bila lile bomu, babu yako asingerudi, nawe usingezaliwa." Pengine. Ila kuzaliwa kwangu si hoja. Kwa mtindo huo hata utumwa ungepata watetezi, maana nao una wajukuu.

Kinachonikera zaidi ni walioachwa nje ya hesabu zote mbili. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, karibu na Likasi, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Edgar Sengier, bosi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alihamisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York mwaka 1940, Marekani yenyewe ikiwa bado haijaingia vitani. Waliochimba hawakuambiwa ni ya nini. Huku nawasikia watu wakimtaja rubani kwa jina, mchimbaji sijasikia akitajwa hata kwa nchi yake. Na nyumbani hatuna cha kujivunia: historia niliyosoma sekondari ilifika Hiroshima bila kupitia Katanga.

Nikiwa likizo, kijiweni Magomeni, watu walimhukumu Truman, rais wa Marekani wa wakati ule, kabla kahawa haijapoa. Nilifurahi, maana ofisini kwangu siwezi kusema hata robo ya yale. Nikataja Masaka na Mbarara, gumzo likakatika. Mwaka 1979 jeshi letu lilibomoa sehemu kubwa ya miji hiyo ya Uganda kulipiza yaliyofanywa Kagera. Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, walianza wao." Ndivyo hasa Wamarekani wanavyosema kuhusu Pearl Harbor, kambi yao iliyoshambuliwa na Wajapani mwaka 1941. Tena wenzetu angalau waligombana hadharani: makumbusho yalipopanga kuionyesha ndege hiyo pamoja na habari za waliounguzwa, askari wa zamani walikuja juu, na mwaka 1995 maonyesho yakapunguzwa na mkurugenzi akajiuzulu. Sisi hata ugomvi huo hatujaupata.

Kuhusu Hiroshima, nabishana na yeyote hadi usiku, na mimi niko upande wa wanaosema haikuwa halali: huwezi kuuteketeza mji wa watu ili kumshawishi mfalme wao. Nagasaki ndiyo sioni hata pa kubishania. Amri ya Julai 25 ilisema mabomu mengine yaangushwe kadiri yanavyokuwa tayari, kwa hiyo la pili liliangushwa bila rais kuamua upya, siku moja baada ya Urusi kuitangazia Japani vita, wakuu wa Tokyo wakiwa ndani ya kikao. Agosti 10 Truman aliagiza lisidondoshwe jingine bila idhini yake. Waziri wake wa Biashara, Henry Wallace, aliandika kwenye shajara yake kwamba rais hakupenda wazo la kuua "watoto wote wale". Kama yeye aliruhusiwa kuwataja, sioni kwa nini mimi mgeni nikiwataja wakati wa chakula cha mchana kazini niambiwe sina adabu.