Dhamana yao ni aibu yako

Mwezi wa sita mwaka jana nilijifungia kwenye choo cha soko dakika arobaini kwa sababu ya shilingi 9,000. Nje kulikuwa na kijana wa kukusanya marejesho ya mkopo, kajifunika koti zito la mtumba kwa baridi yetu ya Mbeya, anaulizia meza yangu. Mtoza hela wa choo akachoka, akagonga: "Kaka, uko salama humo?" Nikamwambia ni tumbo. Nilipotoka nikazungukia kwa wauza viazi, nikadandia bajaji, saa kumi jioni niko nyumbani. Mke wangu akauliza mbona mapema. Nikasema leo biashara imechangamka, mchele umeisha.

Uongo mtupu. Nauza mchele Sido, pale Mwanjelwa, wa Kyela na wa Mbarali, na mwaka ule vyuma vilikuwa vimekaza hasa. Mteja wa kilo tano akawa wa kilo moja, wa kilo moja akawa wa nusu. Mamantilie wangu wawili wakafunga vibanda, na hela zangu zikafungiwa humo humo. Mtaji ulipokata nikaenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wa mitaani, kuchukua 200,000.

Hesabu yake iko hivi. Wanakata 10,000 ya fomu kabla hujaondoka, kwa hiyo mkononi unabaki na 190,000. Unarejesha 9,000 kila siku kwa siku thelathini, yaani 270,000. Mimi kwenye kilo ya mchele napata faida ya 150, nikibahatika. Ili nipate rejesho tu, kabla sijala wala kulipa ushuru, inabidi niuze kilo 60. Siku nzuri nauza 80. Siku mbovu 25. Mtoto wa darasa la nne angeliona shimo siku ya kwanza. Mimi nililiona wiki ya pili, nikaenda kukopa kwingine nilifukie.

Sheria ipo. Ile ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila kibali. Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi, omba uone leseni. Akianza kukuzungusha, ondoka. Ila mimi kilichonifungua macho ni namna hizo programu zinavyodai. Hazishiki hati ya kiwanja wala televisheni. Zinazoa majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa zinamwandikia shemeji yako, mchungaji wako na mwalimu wa mwanao kwamba wewe ni tapeli. Walichoshika ni aibu yako, na wanajua utalipa chochote isitoke nje. Kijana wangu wa marejesho naye alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa na haja ya kunipeleka popote. Kusimama tu kwenye meza yangu mbele za watu kulitosha kunipeleka chooni.

Kwetu siri hii ni ya kurithi. Mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuvuka mpaka na bei ikaporomoka nyanda hizi zote, baba alikuwa kule Mbozi na magunia yamepangwa hadi darini. Alidaiwa hela ya mbolea na hakumwambia mtu. Kila asubuhi anasema bei itapanda. Mama alijua siku alipofagia stoo akakuta unga mweupe chini ya magunia. Dumuzi walishaanza kazi. Wangeyauza mapema, hata kwa bei ya kutupa, wangeokoa nusu.

Ndiyo maana nikisikia wataalamu wa redioni wanatuambia "bana matumizi" na "ongeza vyanzo vya mapato" huwa natabasamu. Utabana vipi matumizi ya nyumba ambayo mwenzako anaamini mchele umeisha sokoni?

Mke wangu nilimwambia Ijumaa usiku, watoto wamelala. Nilijiandaa kwa kilio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, mimi najua tangu Jumanne. Yule kijana alifika hapa, nikampa maji ya kunywa." Akaenda kuleta daftari la madeni ya dukani. Tukakuta tunanunua sukari robo kwa 900, mara nne 3,600, wakati kilo nzima duka hilo hilo ni 3,000. Maskini ndiye ananunua kwa bei ghali, na hilo unaliona tu ukikaa na kalamu. Tukakuta pia nimeahidi 50,000 za harusi ya mtu ambaye sijawahi kumwona, ndugu wa rafiki wa kaka yangu. Nikaandika kwenye kundi la kamati kwamba sina, nikatoka. Baba mdogo alinipigia kuniuliza kama naumwa.

Mke wangu ana hisa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na pale nilijifunza kitu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, hela inahesabiwa kila mtu anaona. Mtu akikwama anasimama na kusema, na wanamjadili akiwepo. Si malaika, faini zao kali na maneno hayakosi. Lakini hakuna wa kukutishia kwamba atakusema, umeshajisema mwenyewe.

Najua si kila nyumba ni kama yangu. Wapo akina mama hapa sokoni wakitamka neno deni nyumbani watalala nje, nao siwaambii wakaongee na waume zao. Dada, mama mkubwa, jirani wa meza. Mtu mmoja anatosha kuanzia.

Jumatatu yake kijana alinikuta nimekaa. Nikamwambia kwa sauti, jirani akisikia, kwamba 9,000 sina na sitakuwa nayo, ninayoweza ni 4,000 kwa siku mpaka deni liishe, apeleke hayo kwa bosi wake. Akanitazama, akakaa juu ya gunia. Akasema rejesho likipungua anakatwa yeye kwenye mshahara, na mwezi huo ameshakatwa mara mbili, na kodi ya chumba bado. Siku ya pili alirudi na jibu kwamba wamekubali. Kisha akaomba kilo mbili za Kyela, atalipa mwisho wa mwezi. Nikampimia, nikamwandika kwenye daftari.