Rogue na kifo kisichofutika

Katika orodha yoyote ya gemu zilizoanzisha aina zao, Rogue ya mwaka 1980 haikosi kutajwa, na kila inapotajwa haikosi lawama ile ile: kwamba mhusika wako akifa amekufa moja kwa moja, na saa zote ulizotumia kumshusha chini ya ardhi zimepotea. Wanaoilaumu kwa upole husema kasoro hiyo ni ya zama zake, kwamba kompyuta za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuhifadhi mchezo. Wanaoilaumu kwa ukali husema watunzi wake walipenda tu kuwatesa watu. Dai la kwanza si kweli hata kidogo, kwa sababu Rogue ilikuwa na amri ya kuhifadhi mchezo. Mchezaji aliyelazimika kwenda darasani aliweza kuuhifadhi, akarudi jioni na kuendelea pale pale alipoachia, ila mara faili lile lilipofunguliwa programu yenyewe ililifuta. Kupumzika kuliruhusiwa, kilichozuiwa ni kurudi nyuma baada ya kukosea. Mtu anayekaa na kuandika mistari ya programu kwa ajili ya kufuta faili hajabanwa na mashine, bali ameamua, na uamuzi wake unastahili kupimwa kwa hoja zake.

Michael Toy na Glenn Wichman walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walipoanza kuitunga. Toy alipohamia Berkeley, Ken Arnold, mtunzi wa programu ya kupanga herufi popote kwenye skrini, akaungana nao. Gemu za safari zilizokuwa zikipendwa wakati huo, kama Adventure ya Crowther na Woods, zilikuwa na ugonjwa mmoja: ukishavifumbua vitendawili vyake, umemaliza, kwa kuwa pango ni lile lile na hazina iko mahali pale pale. Watunzi wa Rogue walitaka gemu ambayo ingewashangaza hata wao wenyewe walioiandika. Kwa hiyo kila mchezo unapoanza kompyuta huchora upya vyumba na njia, na hutawanya upya silaha, chakula na mazimwi katika ngazi 26 ambazo mchezaji, aliye alama tu ya @ kwenye skrini, hushuka kuitafuta Hirizi ya Yendor, kisha apande nayo hadi juu.

Kinachosahaulika ni kwamba pamoja na vyumba, maana ya vitu nayo hupangwa upya. Unaokota chupa ya dawa ya buluu bila kujua ni ya nini. Huenda inaponya, huenda inapofusha, na hata ukigundua leo, kesho rangi hiyo itakuwa imepewa dawa nyingine. Sasa hebu fikiria mchezo huo huo ukiwa na ruhusa ya kurudi nyuma. Mchezaji mwenye akili angehifadhi, akanywa kila chupa, akasoma kila hati, akaandika majibu pembeni, kisha akafungua tena faili akiwa anajua kila kitu bila kugharamika lolote. Chupa zote zingekuwa zimeshafunguka kabla hazijatumiwa, na lile swali la kunywa sasa au kungoja, ambalo ndilo moyo wa mchezo, lisingekuwapo tena. Wichman ameeleza hadharani miaka mingi baadaye kwamba nia yao haikuwa kuumiza mtu, bali kuyapa mambo uzito, na ukiichunguza gemu yenyewe huna sababu ya kutomwamini.

Kuna hati moja inayoonyesha jambo hili vizuri, ile ya kuyatisha mazimwi. Anayeiokota bila kuijua huisoma, husikia kicheko cha kichaa kwa mbali, na hati imekwisha. Matumizi yake hasa ni kuiacha sakafuni na kusimama juu yake, kwa sababu zimwi halimpigi kwa mkono mtu aliyesimama hapo. Ila ukiiangusha kisha ukaiokota tena, inageuka vumbi. Mchezaji aliyefanikiwa kuitambua hubeba ngazi baada ya ngazi kitu kinachoweza kumwokoa mara moja tu, na kila mara joka au jitu linapomkaribia hujiuliza kama saa yake ndiyo hii. Uzito wa swali hilo hautoki kwenye hati. Unatoka kwenye kujua kwamba jibu lolote atakalotoa halitafutwa.

Wapinzani hapa hujibu kwamba uzito wote huo ni bahati nasibu: ukipewa vitu vizuri unapona, ukinyimwa unakufa. Kwa jibu hili napenda kurudi kwenye jaribio la zamani ambalo halizungumzwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitunga programu iitwayo Rog-O-Matic, ambayo kazi yake ilikuwa kucheza Rogue yenyewe bila msaada wa mtu. Katika kipindi cha wiki tatu mwaka 1983, alama yake ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati michezo yote ikipangwa kuanzia yenye alama ndogo hadi kubwa, iliwapita wachezaji 15 bora wa idara ya kompyuta chuoni hapo.

Takwimu hiyo inafaa kutazamwa polepole. Kama wangetuambia kwamba programu ilipata alama kubwa kuliko zote, pasingekuwa na la kujifunza, kwani anayecheza mara nyingi bila kuchoka siku moja atabahatika. Alama ya katikati haibebwi na siku moja ya bahati. Inasema kwamba nusu ya michezo ya mashine ile iliishia juu ya kiwango ambacho hakuna mmoja wa wale mabingwa aliyekifikisha katika nusu ya michezo yake. Na faida yake haikutoka kwenye hazina iliyorundikwa kutoka mchezo hadi mchezo, maana Rogue haimruhusu yeyote kurundika kitu. Ilitoka kwenye kanuni: lini kupigana, lini kukimbia, lini kupumzika hadi majeraha yapone, lini kuvua deraya kabla ya kukabili zimwi linaloipiga kutu. Kama kanuni zilizoandikwa na wanafunzi wachache zinatosha kuwashinda mabingwa kwa uthabiti, basi vifo vingi vya mabingwa hao havikuwa ajali. Walikufa kwa haraka, kwa tamaa, kwa uchovu wa saa nane usiku. Gemu iliyokuwa ikishutumiwa kwa uonevu ilikuwa inatoa hukumu za haki kuliko waliohukumiwa walivyotaka kukubali.

Pamoja na hayo, upande wa pili una hoja ambayo siwezi kuipita, nayo ni ya muda. Rogue huisha haraka, lakini vizazi vyake vilirefuka mno, na katika NetHack, iliyotoka mwaka 1987, mchezo mmoja unaweza kuchukua siku nyingi. Mtu mwenye kazi na watoto, anayepata saa moja usiku, si mvivu akisema hana nafasi ya kuanza upya kila wiki. Wapo pia wenye ulemavu wa mikono au macho, ambao katika gemu za kasi za siku hizi kifo chao huja kwa sababu kidole kimechelewa, wala si kwa uamuzi mbaya. Kuwaambia hawa kwamba wajifunze zaidi ni kukosa adabu.

Mfano wao wenye nguvu zaidi ni Fire Emblem ya Japani. Tangu mwaka 1990 askari aliyeanguka katika gemu hizo alipotea kabisa, lakini ramani za vita hazibadiliki, na kila askari ana jina lake na hadithi yake. Wachezaji wengi walichofanya ni kuizima mashine na kuanza upya vita vile vile, hatua kwa hatua, ili kumwokoa mtu mmoja. Watunzi walipoongeza mwaka 2010 namna ya kucheza ambamo askari hurudi baada ya vita, sioni walichoharibu. Kifo cha kudumu kilikuwa kimekopwa bila yale mambo mengine yaliyokipa maana katika Rogue, yaani ramani mpya na vitu visivyojulikana, na kikabaki adhabu tupu. Katika hili walalamikaji wana haki, na ningetamani watetezi wenzangu walikubali waziwazi.

Suluhisho lililoshika soko siku hizi ni lile la Rogue Legacy ya mwaka 2013: mhusika anakufa, mrithi wake anabaki na fedha za kununulia nguvu. Linapendwa, nami naelewa kwa nini, ila lina gharama isiyotajwa. Anayeshinda jaribio la arobaini hajui kama amekuwa hodari au ameongezewa tu afya na silaha, na wakati mwingine jaribio la tano lilikuwa limepangwa lishindwe. Hapo ndipo muda wa mtu unapopotea kweli. Hades ya mwaka 2020 inaongeza nguvu pia, lakini imeweka kando namna ya kucheza inayopunguza madhara kwa asilimia 20 na kuongeza asilimia 2 kila unapokufa, hadi kufikia 80. Anayeihitaji anaiwasha mwenyewe, akijua anachopewa.

NetHack ilikuwa imeshatoa jibu la uwazi zamani, kwa namna ya kucheza ya uvumbuzi ambayo humruhusu mchezaji kukataa kufa, lakini alama zake haziingizwi katika orodha ya washindi. Na kwa wanaocheza kwa kanuni kamili iliongeza jambo ambalo walalamikaji hawalitaji: katika kompyuta inayotumiwa na wengi, ngazi aliyofia mchezaji mmoja inaweza kumtokea mwingine, ikiwa na mali ya marehemu na mzimu wake ukiilinda. Panga zuri alilolitafuta mwanafunzi mmoja usiku kucha linaokotwa na jirani yake, pamoja na onyo la kitu kilichomuua. Hilo lisingewezekana kama marehemu yule angekuwa amefungua faili lake la jana na kuendelea na safari.